Kifuniko cha Tangi la Kushoto

Kilipotea Jumanne, kati ya Kisumu na Kitale,
kifuniko cha tangi la kushoto,
kipana kama kisahani cha chai.
Keitany alitua, mafuta yamechora mkia wa buluu
juu ya bawa hadi ukingoni,
akanyamaza. Rubani akinyamaza hivyo
fundi hutazama mikono yake mwenyewe.

Mikono hii. Niliihoji usiku kucha:
mlikaza? mliusikia ule mlio mdogo, tak,
au mlikuwa mnahesabu karo ya Achola?
Haikujibu. Mikono haina kumbukumbu,
ina mazoea tu,
na mazoea ni mwongo mwenye adabu.

Haba na haba, wanasema, hujaza kibaba.
Hawasemi haba na haba hufungua skrubu.
Injini haingurumi bure; inabembeleza,
inamnong'oneza kila nati: zunguka kidogo,
nusu ya nusu ya unywele, nani ataona?
Na nati, kama sisi sote, huchoka kukataa.

Wiki ya tatu mama mmoja alifika langoni,
Kageha jina lake, kutoka Chavakali,
walinzi wakaupekua mkoba wake mara mbili.
Kilikuwa ndani, kimefungwa kwa leso.
Kilianguka, alisema, hatua tatu kutoka kamba ya ndama,
kati ya mistari ya majani chai;
ndama hakushtuka, yeye ndiye aliyekaa chini.
Alikiosha kwa jivu hadi harufu ikaisha,
akakifunikia mkebe wa chumvi,
mpaka mwalimu wa jirani aliposoma namba zake.
"Kinafunika vizuri," akaniambia.
"Chumvi haijapata unyevu hata siku moja.
Sijui kwenu kilishindwa na nini."

Pesa alizikataa. Alitaka kuona tundu.
Nikamshikia ngazi, akapanda na viatu mkononi,
akachungulia mdomo wa tangi
kama mtu anayechungulia kisima cha watu wengine.
"Basi ni hapa," akasema. "Padogo hivi."

Siku hizi kila kitu changu kina kamba yake.
Kifuniko kina mnyororo mwembamba kama wa kibeti.
Bomba la kupimia kasi nalivika soksi yenye utepe mwekundu,
maana nyigu wa hapa hujenga nyumba mchana mmoja,
na wadudu wa ziwani wakija kwa wingu
hawabishi hodi.
Waya wa usalama nausuka nyuzi mbili mbili,
uvute upande wa kukaza, usivute wa kulegeza;
jana Wanzala aliusuka kinyume,
nikaukata bila neno, akaanza upya,
ncha ikamchoma, akanyonya kidole.
Hivyo ndivyo nilivyofundishwa nami.

Na juu ya kila kichwa cha skrubu,
mstari wa rangi nyekundu, kutoka chuma hadi bati:
ukikuta umekatika, skrubu imetembea usiku.
Laiti ningeuchora pia mlangoni kwangu,
mwaka ule Odindo alipoanza kuchelewa.

Alfajiri naizunguka ndege, pua hadi mkia,
tochi mdomoni, viganja vitupu:
gusa, sukuma, vuta, gonga.
Kava la gurudumu. Antena. Kibati cha ukaguzi chini ya bawa,
skrubu sita, nahesabu sita,
kisha nahesabu tena kwa sauti
ili masikio nayo yatoe ushahidi.

Kile kifuniko sheria haikukiruhusu kurudi bawani,
kilikuwa kimepinda ukingoni kiasi cha kucha.
Nilimrudishia Kageha na chumvi yake.
Keitany ananiambia kila akipita juu ya Chavakali
huinamisha bawa la kushoto, salamu tu.

Namwambia asiinamishe sana.